Uchambuzi wa kisa: Wagoni ya dizeli iliyonyimwa safari

Gari liliingia gereji kwangu Jumanne moja ya Julai 2024, saa mbili asubuhi, ule wakati ambao Mbeya mtu akisalimia unaona mvuke unamtoka mdomoni. Mwenye gari ni mwalimu wa sekondari, mtu mpole, nadhifu, wa kufuta vumbi la dashibodi kwa leso yake mwenyewe. Hakuzima injini. Alishusha kioo akaniambia: "Fundi, hili gari limenishinda. Litoe masega tumalizane."

Masega ndivyo tunavyoita vile vitundu vilivyo ndani ya bomba la ekzosi. Kwenye gari la petroli ni kisafisha moshi tu. Kwenye dizeli ya miaka hii kuna masega ya pili, na haya ni chujio hasa: yanakamata masizi yasitoke nje, kisha gari lenyewe linayachoma humo humo ndani. Mwalimu alikuwa ameambiwa mtaani kwamba hayo ndiyo ugonjwa, na dawa yake ni kuyatoboa kwa nondo.

Nikamjibu kama ninavyowajibu wote: tunapima kwanza.

Mwenye gari amenipa ruhusa niandike mambo yake ilimradi nisimtaje, na chapa ya gari sitaitaja. Siogopi mtu. Tabia nitakayoieleza hapa utaikuta karibu kwenye kila dizeli ndogo ya kizazi hiki, ya Japani au ya Ujerumani, na nikitaja chapa moja wenye chapa nyingine watajiona wako salama.

Gari lenyewe na namna lilivyopatikana

Ni stesheni wagoni. Kwenye kadi za magari ya nchi hii hata Prado huandikwa stesheni wagoni, ndiyo maana ukilitaja neno hilo watu wanawaza jipu la ofisi. Hii ni wagoni ya kweli: iko chini kama seluni, ina urefu wa mita 4.8, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu, na ukikunja viti mtu mzima anajinyoosha ndani. Injini ni dizeli ya tabo, cc 2,191, gia otomatiki.

Ilinunuliwa "mpya". Kwetu mpya maana yake haijawahi kusajiliwa nchini. Imetumika Japani miaka sita, imetembea kilomita 86,000, lakini ikishuka melini na kubandikwa namba za hapa, majirani wanakuja kuitazama kama wanavyokuja kumwona mtoto mchanga. Wagoni ya dizeli ya kilomita sifuri hakuiwaza kabisa. Dizeli zinazouzwa hapa zikiwa mpya kweli ni pikapu na majipu, na bei yake haina uhusiano na mshahara wa mwalimu.

Na aliinunua kwa akili, hilo lazima nimpe. Alichagua ya mwaka 2017 ili ifike Desemba 2023 ikiwa mbali na miaka 8, maana hapo ndipo ushuru wa uchakavu unapoanza kuuma. Kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, alikuwa amekikariri. Ushuru wa forodha asilimia 25, juu yake ushuru wa bidhaa, juu ya vyote hivyo VAT asilimia 18, tena vinapigwa kwenye thamani iliyomo kwenye mfumo wao, si lazima iwe ile uliyomlipa Mjapani. Alilaumu jambo moja tu, zile cc 191. Injini ya cc 1,001 hadi 2,000 hulipa ushuru wa bidhaa asilimia 5, ikizidi 2,000 inalipa 10. Ukilifuatilia hilo mpaka mwisho wa hesabu, kila milioni 10 ya thamani inaongezeka laki saba na elfu arobaini hivi. Alizilipa akijua anachonunua: dizeli inakunywa kidogo, ina nguvu mlimani, na familia ya watu sita inaenea na mizigo yake.

Kumbe kuna swali moja hakuulizwa na mtu yeyote, si wakala, si mimi (alikuwa hajanifahamu), wala si rafiki zake wenye magari. Kila siku utalipeleka wapi?

Swali hilo lilizibwa na safari ya kwanza. Aliliendesha mwenyewe kutoka Dar. Alijaza tangi la lita 62, akapita Chalinze na Morogoro, Mikumi akaenda taratibu kwa ajili ya wanyama na tochi, akapanda Kitonga nyuma ya malori ya Zambia, akalala Iringa. Kesho yake Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, mpaka akaingia Uyole bila kushika sheli nyingine. Kilomita 830 hivi kwa lita 49, yaani karibu kilomita 17 kwa lita, na viyoyozi vinafanya kazi. Mtu aliyezoea Noah hawezi kuyaona hayo akabaki na akili zake zote. Alifika nyumbani tayari ni mhubiri wa dizeli.

Miezi saba ya mjini

Nyumba iko Forest. Watoto wanasoma upande wa Uhindini, na yeye anafundisha si mbali na Kabwe. Safari ndefu kuliko zote za siku haifiki kilomita nne, na zipo nne kwa siku: kupeleka, kwenda kazini, kuchukua, kurudi. Jumapili kanisani, karibu zaidi. Nilipolisoma, gari lilikuwa limetembea kilomita 3,600 tangu lishuke bandarini. Toa 830 za Dar, zinabaki 2,770 kwa miezi saba. Ni kilomita 13 kwa siku, zilizokatwa vipande vinne, na katikati ya kipande na kipande injini inapoa.

Aprili feni ilianza kuunguruma gari likiwa limeshazimwa na kufungwa. Fundi umeme mmoja akabadilisha rilei ya feni. Feni ikaendelea. Mei ikawaka taa ya rangi ya chungwa, kijisanduku chenye vitone ndani yake. Fundi wa pili akachomeka kompyuta, akafuta, akachukua chake. Ikarudi baada ya siku tisa, akafuta tena. Juni kuna aliyemuuzia kichupa cha dawa ya kumimina kwenye tangi. Mwanzoni mwa Julai gari likagoma kabisa kuvuta: ukikanyaga halipiti mizunguko elfu tatu, na taa ya injini imewaka pembeni ya ile ya vitone. Hapo ndipo mtaa ukatoa hukumu ya masega.

Mwalimu mwenyewe alikuja na washukiwa wawili. Wa kwanza, mafuta. Kwenye barabara kuu hii hiyo ni hofu halali. Dizeli ya kwenda Zambia hupita hapa bila kulipa kodi ya ndani, na tamaa ya kuishusha njiani ni ya miaka mingi. Mafuta ya soko la ndani huwekwa vinasaba kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya wale wanaochanganya na mafuta ya taa. Madumu ya kando ya barabara, ambayo dereva wa lori "kakupunguzia", simshauri mtu mwenye pampu ya presha kubwa ayaguse hata kwa mkono wa kushoto. Lakini Mwalimu alikuwa na risiti za sheli ile ile moja. Nilifungua kikombe cha chujio cha mafuta nikamwaga kwenye chupa ya maji ya kunywa, nikaiweka juani: hakuna maji chini, hakuna tope, rangi safi. Noso zote nne, vile vinyunyizio vya mafuta, zinasahihisha kwa kiasi cha kawaida. Mshukiwa wa kwanza akaachiwa.

Ukweli mmoja kuhusu mafuta unabaki. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu salfa hadi sehemu 50 kwa milioni, wakati Japani, lilikozaliwa gari hili, ni 10. Hiyo inachosha oili mapema kidogo. Haiwezi kuziba chujio kwa miezi saba.

Mshukiwa wa pili alikuwa mwinuko: "Labda hewa ya huku ni nyepesi, fundi." Mbeya tupo kwenye mita 1,700 hivi, na hewa kweli ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Yenye tabo inajisukumia hewa yenyewe, kwa hiyo haioni shida hiyo sana. Kwa maneno mengine, katika magari mawili ya nyumba ile, wagoni ndilo lililofaa zaidi kwa milima. Hilo la magari mawili litarudi.

Stiki

Kabla ya kuchomeka kompyuta huwa navuta stiki ya oili. Vijana wangu wanacheka, wanasema nimezeeka. Niliivuta, nikaifuta, nikairudisha, nikaivuta tena. Kwenye stiki ya injini hii kuna alama ya chini, kuna F ya kujaa, na juu zaidi kuna X peke yake, ambayo wengi hawajui ipo kwa kazi gani. Oili ilikuwa imeipita F, imefika X, na kuvuka kidogo.

Mwalimu alikuwa amesimama pembeni, akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Hilo ndilo zuri la gari hili. Halili oili kabisa. Nakagua kila Jumamosi, ndiyo kwanza inaongezeka."

Oili haizai.

Nilimnusisha. Akakunja uso. Nikadondosha tone moja nyuma ya risiti yake ya mafuta: katikati pakabaki doa jeusi, na pembeni duara la majimaji ya manjano likaanza kutanuka, likanywa karatasi mpaka kwenye jumla ya shilingi. Ile ilikuwa dizeli. Tulipoimwaga baadaye zilitoka lita sita na nusu kwenye injini inayotaka tano na kidogo.

Kompyuta ilimalizia tu maelezo. Masizi kwenye chujio yamefika asilimia 96 ya kiwango cha kugoma. Umbali tangu jaribio la mwisho la kujichoma: kilomita 5. La kabla yake, kilomita 9. Kabla ya hapo, 6. Gari la namna hii likiwa kwenye barabara ndefu hujichoma baada ya kilomita mia mbili au mia tatu, likamaliza, likasahau. Hili lilikuwa linajaribu karibu kila siku na halimalizi.

Kinachotokea ndani ni hiki. Ili masizi yaungue, chujio linahitaji joto la nyuzi 600 hivi. Moshi wa dizeli inayotembea mjini haufiki hata nusu yake. Kwa hiyo injini inafanya ujanja: baada ya mlipuko wa kawaida inarusha dizeli kidogo tena, kwa kuchelewa makusudi, ili isiungulie ndani ya silinda bali iende na moshi ikawakie kwenye masega ya kwanza na kupasha yale ya pili. Kazi hiyo inataka injini ambayo imeshapata moto, na dakika 15 hadi 20 za kutembea bila kukatizwa. Sehemu ya dizeli ile iliyochelewa hushika kuta za silinda, ikateleza kupita ringi, ikaangukia kwenye oili. Petroli ingeruka kwa joto. Dizeli hairuki kirahisi, nyingi inabaki humo.

Sasa chukua asubuhi ya Julai, nyuzi chini ya 10, injini ya baridi, mteremko wa kutoka Uhindini kuja Mafiati ambao gari linashuka tu bila kufanya kazi, kilomita nne, zima. Mwalimu anapozima, gari liko katikati ya kujichoma. Feni inalia ili kupooza ekzosi yenye moto, na fundi umeme anabadilisha rilei. Mchana anawasha, linaanza upya, linarusha dizeli upya, anazima. Hapa kwetu kila mtu ameshaona tanuri la tofali. Washa jioni, zima baada ya dakika kumi, rudia wiki nzima: kuni zitakwisha na tofali zitabaki mbichi.

Kila mara taa ilipofutwa, kilichofutwa ni taarifa. Masizi yalibaki pale pale.

Juu ya hayo, Januari kuna mahali alimwagiwa oili ya malori, ile nzito ya 15W-40, eti "dizeli ni dizeli". Oili hiyo ikiungua huacha majivu mengi. Masizi huungua, majivu hayaungui. Yakishaingia kwenye chujio yamehamia. Injini hizi zinataka oili ya majivu kidogo, imeandikwa C3 au viwango vya ndugu zake kwenye galoni, na bei yake ni karibu mara mbili.

Kupanda Isyonje

Jumatano tulibadilisha oili kwanza. Kuchoma chujio ukiwa na oili iliyochanganyika na dizeli ni kuua tabo na beringi kwa mikono yako mwenyewe. Tukakagua vibomba viwili vyembamba vya sensa ya presha (kimoja kilikuwa na ufa, tukakibadilisha), chujio jipya la oili, chujio jipya la hewa. Ningeweza kulichoma likiwa limesimama, kompyuta inaruhusu. Mimi napenda barabara, mwenye gari akiwa ndani.

Alhamisi Mwalimu alishika usukani, mimi kompyuta magotini. Uyole tukakata kulia, barabara ya Tukuyu. Kutoka pale unapanda mpaka Isyonje, zaidi ya mita 2,000, viazi kushoto, pareto na mahindi kulia, malori ya ndizi yanashuka kinyume. Nilimwambia asizidi 60 na asishuke chini ya mizunguko elfu mbili. Joto la chujio lilianza 210. Baada ya kilomita nane 340. Nikaamuru lianze. 430, 520, 590, likatulia kati ya 610 na 630. Harufu ya chuma cha moto ikaingia kwenye viyoyozi, Mwalimu akaniangalia, nikamwambia endesha. Asilimia 96 ikawa 80, ikawa 61. Alipotaka kusimama anunue viazi nilimkatalia kwa sababu mbili: lisimame ni kurudi mwanzo, na ile ilikuwa Julai, majani ya kando ya barabara yamekauka. Ekzosi ya nyuzi 600 juu ya nyasi kavu itakupa kisa kingine ambacho sina ujuzi wa kukichambua.

Karibu na Isyonje ilisoma 14. Tukageuza. Kwenye tambarare alikanyaga, likavuta kama siku ya Kitonga. Mtu mzima akacheka peke yake.

Viazi tulinunua wakati wa kurudi.

Shauri la masega

Bado aliuliza: "Lakini tukiyatoa si tumepona moja kwa moja?" Ni swali la haki, na mjini hapa wapo watakaokutolea kabla chai haijapoa. Jibu langu ni la kifundi kabla halijawa la moshi mnaowavutisha watoto pale getini kwa shule. Ukitoboa chujio bila kuiandika upya kompyuta ya gari, gari halijui kwamba halina chujio. Litaendelea kuhesabu, kurusha dizeli iliyochelewa, kutafuta joto la kitu ambacho hakipo, na oili itaendelea kupanda kwenye stiki. Umelipa kuondoa chujio na ugonjwa umebaki nao. Ukiiandika upya vizuri utaondoa hilo, ila wanaoandika vizuri ni wachache, na gari la baridi linalotembea kilomita nne bado litajaza masizi kwenye njia ya kuingizia hewa. Ugonjwa unahamia chumba cha pili.

Kwa hiyo tulikuwa na gari zima, lililopona, linalorudi kwenye maisha yale yale. Miezi mitatu tungeonana tena. Mimi ningepata hela. Kusema kweli nilikuwa sijui nimwambie nini zaidi ya ule ushauri wa vitabuni, kwamba kila wiki mbili alitoe nje ya mji kwa nusu saa. Ushauri huo watu huufuata wiki mbili za kwanza.

Nililirudisha Jumamosi jioni nyumbani kwake. Pale uani ilikuwa imepaki IST ya zamani, cc 1,298, imebonyea nyuma, na mke wake anashusha kreti za parachichi na mikungu ya ndizi. Wana shamba Rungwe, kwa wazazi. Kila Jumamosi, kwa miaka mitatu, mama yule anakwenda na kurudi peke yake, kilomita 70 na zaidi kila upande.

"Karibu fundi," akasema. "Na hii yangu uiangalie. Kupanda Isyonje inaunguruma tu, haiendi. Leo nimepitwa na Kosta."

Nikabaki nimeshika funguo. Nyumba moja, magari mawili. Dogo la petroli, ambalo halijali kuzimwa baada ya kilomita tatu na ambalo juu kule Isyonje limekwishapoteza kama moja ya tano ya pumzi zake, ndilo linalobebeshwa ndizi kupanda mlima kila wiki. Kubwa la dizeli yenye tabo, lililoundwa kwa mzigo na mwendo mrefu, linapeleka watoto watatu shule na begi tatu. Sababu? Nilimuuliza Mwalimu. Akaona aibu kidogo. "Ni jipya, fundi. Nisingependa lichafuke na maganda. Halafu kule ndani ni barabara ya vumbi, hili liko chini."

Futikamba ninayo siku zote. Nikalala chini ya yote mawili. Wagoni: sentimita 16 kutoka sehemu yake ya chini kabisa. IST na springi zake zilizochoka: 14 na nusu. Mama akainama kutazama mwenyewe, kisha akamwangalia mumewe kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda mimi kuwepo pale.

"Kwa hiyo hilo gari linaumwa kwa sababu halisafiri," akasema, "na mimi nasafiri na hili."

Ndaga, mama (asante, kwa Kinyakyusa). Sikuwa na cha kuongeza.

Hesabu, kwa anayetaka kununua

Mwalimu alinunua dizeli ili aokoe mafuta. Tuipige kwa bei ya mviringo ya shilingi 3,000 kwa lita. EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila mwezi, Mbeya huwa juu ya Dar kwa sababu ya nauli ya kuyaleta, na kati ya petroli na dizeli leo hii iko juu, kesho ile. Kwa mwendo wake wa mjini wa kilomita 4,700 kwa mwaka, wagoni ya petroli ya ukubwa huo ingempa kilomita 9 kwa lita. Hii ya dizeli ilimpa 10, kwa kuwa ilikuwa inajichoma kila siku. Tofauti ni lita 52, laki moja na nusu na ushee. Haifiki bei ya kumwaga oili sahihi mara mbili.

Kwa mtu wa kilomita 15,000 kwa mwaka, nyingi zikiwa za Makambako, Njombe, Tunduma, Kyela, hesabu inageuka: kilomita 16 kwa lita dhidi ya 11 ni lita 426, karibu milioni moja na laki tatu. Huyo anunue dizeli hata leo, na cc 191 azisamehe.

Wa katikati ndiye mgumu. Kwake natazama barabara ya kila siku kabla ya kilomita za mwaka: je, ipo walau safari moja kwa wiki ya nusu saa bila kuzima? Kutoka Mbalizi kuja mjini asubuhi kwenye foleni sihesabu.

Kilichofuata

Walibadilishana wiki ile ile. Nimelipima wagoni mara mbili tangu hapo, Oktoba 2024 na Machi 2025. Umbali kati ya kujichoma umekuwa kati ya kilomita 240 na 310. Oili iko kwenye F, na tumekubaliana kumwaga kila kilomita 5,000 hata kama kitabu cha Japani kinaruhusu zaidi. Njia ya hewa bado ina masizi ya ile miezi saba, nayasikia kwenye mngurumo wa asubuhi. Siku ikifika tutaifungua na kuikwangua. IST nimeiwekea springi mpya na sasa inaishi kati ya Forest, Uhindini na Kabwe, haina neno.

Mwalimu ndiye hajazoea. Anasema siku ya wazazi shuleni alipaki nje ya geti.

Mara ya mwisho alinipigia simu si kwa taa wala feni. Aliuliza kama kuna dawa ya kutoa harufu ya parachichi lililopondeka kwenye kapeti ya buti, maana mama anatandika turubai lakini hakunji pembe zake. Nilimwambia alianike juani milango ikiwa wazi, na turubai anunue kubwa zaidi.